Usibofye tu "kubali zote", angalia kwanza hizo kuki ni za nani

Wadau, kwa kazi yangu ya kutengeneza websaiti hili swali naulizwa kila mara, eti hizi kuki ni kitu gani na kwa nini kila nikifungua tovuti naambiwa nizikubali. Kuna wanaoziogopa wakidhani ni virusi, na kuna wale wa kubofya kubali fasta ili wasome habari yao waondoke. Jibu langu ni kwamba zipo karibu kila tovuti unayofungua, nyingi hazina neno, ila cha kuangalia ni nani kaiweka.

Kuki ni kaandishi kadogo tu, kilobaiti 4 hivi ndo mwisho wake, tovuti inakaacha kwenye brauza yako (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome) na kila ukirudi brauza inakapeleka kulekule kalikotoka. Haifungui kamera, haisomi meseji zako za WhatsApp, na wala sio inayokujazia simu. Alieanzisha hii kitu ni mtaalamu wa programu Lou Montulli akiwa Netscape, kampuni ya brauza ya zamani, mwaka 1994, na shida aliyokuwa anatatua ni ya dukani: mtu anaweka bidhaa kwenye kikapu, akihamia ukurasa wa pili seva (kompyuta inayotunza tovuti) haimjui tena. Seva yenyewe haina kumbukumbu, kila ukipiga hodi wewe ni mgeni mpya. Kwa hiyo bila kuki ungekuwa unaandika paswadi kila ukigusa linki, hakuna ambae angevumilia.

Sasa zilivyosambaa. Kuna mama mmoja ana lodge Bagamoyo, wakala wa utalii wa Ulaya alimwandikia kutaka kujua websaiti yake inaweka kuki gani, akanipigia, "mwanangu, mimi sijaweka kuki yoyote, wajibu tu hakuna." Nikamwambia mama subiri kwanza tuangalie. Nikafungua ile websaiti kwenye Chrome, nikabonyeza F12, nikaenda Application halafu Cookies (hata wewe unaweza kufanya sasa hivi kama uko kwenye kompyuta), na zilikuwa zimejipanga pale. Kuna _ga ya Google Analytics, ile ya kuhesabu watembeleaji, Google wameipangia miaka miwili japo Chrome siku hizi haipitishi siku 400. Kuna _fbp ya Facebook, inakaa siku 90, hii iliwekwa na kijana aliyekuwa anamboostia matangazo na baadae akaondoka zake. Halafu kuna za YouTube kwa sababu ukurasa wa vyumba ulikuwa na video. Yani yeye kweli hakuweka hata moja, ziliingia na vitu vya watu wengine vilivyobandikwa pale, na zote zilishakaa kabla hata mgeni hajabofya chochote.

Hapo ndo kwenye utamu wa stori, maana tovuti nyingi tu ziko hivyo na wenyewe hawajui. Umetafuta bei ya mabati, kesho unasoma habari za mpira na tangazo la mabati liko pembeni, hadi umeshapaua nyumba bado linakufata. Hakuna anaekusikiliza kwenye maiki. Ule ukurasa wa mabati ulikuwa na kodi (code, yani maandishi ya programu, sio kodi ya TRA) ya kampuni ya matangazo, ikakupa namba kupitia kuki yake, na tovuti ya mpira nayo ina kodi ya kampuni ileile, wakaiona namba ileile. Jina lako wala hawalihitaji.

Kile kibango cha kukubali kinatokana na sheria za Ulaya, ya kuki ni ya 2002 ikarekebishwa 2009, halafu GDPR, sheria yao ya kulinda taarifa binafsi, ikaanza kazi Mei 2018 na kukaza zaidi. Wanaochezea hivyo vitufe wanapigwa faini kweli, Januari 2022 Ufaransa iliitwanga Google yuro milioni 150 na Facebook milioni 60 kwa sababu kukubali ilikuwa klik moja ila kukataa mpaka uzunguke. Kwa hiyo usione aibu kutafuta kitufe cha kukataa, mara nyingi kipo, kimepakwa tu rangi ya kijivu, na ukikataa tovuti nyingi zinafunguka vilevile kwa sababu kuki za lazima zinabaki.

Ila usitegemee kibango peke yake. Ingia kwenye setingi za brauza uzuie kuki za watu wa tatu, yani zile ambazo sio za tovuti uliyofungua. Safari, brauza ya iPhone na Mac, inazizuia yenyewe tangu 2020, Firefox tangu 2022 inazitenga kila moja na tovuti yake. Chrome ndo walitutangazia 2020 kwamba wataziondoa ndani ya miaka miwili, wakasogeza tarehe, wakasogeza tena, 2024 wakaghairi, kwa hiyo huko zima mwenyewe. Na jua kwamba _ga na _fbp zitabaki, maana zinaandikwa kwa jina la tovuti yenyewe japo kodi ni ya mtu mwingine, hapo dawa ni uBlock Origin, nyongeza ya brauza inayozuia kodi kama hizo (kwenye Chrome siku hizi ipo ile ya Lite tu). Mimi natumia Firefox nayo na hata bando naona linadumu zaidi kidogo.

Lakini kama una muda wa kuhangaika na jambo moja tu basi achana na matangazo, hangaika na kuki ya kulogini. Hiyo ndo inasema wewe ni wewe, na mwenye kuiiba anaingia kwenye akaunti bila paswadi na bila ile kodi ya meseji (namba unayotumiwa kuthibitisha ni wewe). Mafundi wenzangu tunapokea sana kompyuta za hivyo, mtu kadanlodi programu iliyokrakiwa, ndani kuna kitu kinachokomba kuki zote za brauza, kesho yake ukurasa wake wa biashara unauza sarafu za mtandaoni. Ikikutokea, badili paswadi kwa kifaa kingine kisafi na utoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kubadili paswadi tu kuna sehemu haimtoi mwizi. Na nyie mnaoenda steshenari kuomba kazi au mkopo wa chuo, fungua dirisha la siri (incognito) na ukimaliza funga madirisha yote ya hivyo, nimekuta email za watu ziko wazi na vyeti vyao vyote mpaka kitambulisho cha NIDA.

Wenye websaiti Tanzania kumbukeni sheria ya kulinda taarifa binafsi inafanya kazi tangu Mei 2023, Kenya wanayo ya 2019. Yule mama tulitoa ile ya Facebook kwa sababu hakuna aliyekuwa anaitumia, video tukaihamishia kwenye youtube-nocookie.com (anwani ya YouTube wenyewe ya faragha zaidi), tukaweka kitufe cha kukataa kinachokataa kweli, na wakala akajibiwa ukweli.

Mwisho kabisa, kabla hujakurupuka kufuta kuki zote leo, jua utatolewa kwenye akaunti zako zote kwenye hiyo brauza. Hakikisha paswadi unazikumbuka na ile laini ya kupokea kodi bado iko hewani, wengi laini walishaitupa zamani.