Nabii kasema, sawa, na wewe moyoni unasemaje?

Mbukwenyi wadau. Upepo wa Dodoma wa mwezi huu wa saba umenifungia ndani, vumbi mpaka kwenye sufuria, nikasema ngoja nijibu meseji zenu maana zimejaa na nyingi zinafanana. Wiki iliyopita nilisema tunawalipa manabii na watumishi kwa majibu ambayo moyoni tayari tunayo, basi mmenishukia kama mwewe.

*Dada wa Nkuhungu: "Duka la mume wangu la vipuri limeyumba. Mtumishi mmoja kasema mama mkwe katufunga, anataka laki 3 ya sadaka ya kufungua. Hela nimeshakopa kikoba. Nitoe?"*

Usitoe, na hiyo hela irudishe kikoba leo leo kabla riba haijaanza kukimbia. Alafu dada angu, meseji yako nimeisoma mara mbili, na kule mwisho kabisa umeandika kama kitu kidogo tu kwamba shemeji yako anabeba mzigo dukani kwa mkopo, halipi, na unaogopa kumwambia mume wako. Sasa jibu si ndo hilo? Hakuna nabii aliyekuambia, umelileta mwenyewe. Mama mkwe kaingizwa humo kwa sababu yuko mbali, Mpwapwa huko, hawezi kujitetea, na kumchukia yeye ni rahisi kuliko kufungua mdomo usiku mkiwa mnakula.

Sikucheki, yamenikuta. Mwaka niliofukuzwa kazi nilinunua chupa ya maji ya maombi elfu 30, nikawa nanyunyiza mlango kwa mlango, na wakati nanyunyiza moyo ulikuwa unaniambia waziwazi kabisa, wewe si ulikuwa unachelewa kazini kila siku? Niliusikia vizuri. Nikaongeza maji.

*Mwanachuo, UDOM: "Naomba sana ila sijui nitajuaje kama ni sauti ya Mungu au ni mawazo yangu tu. Kichwa kina kelele."*

Hapa ndo penyewe mdogo wangu. Kamsome Elia, Wafalme wa Kwanza sura ya 19, yule alikuwa amekata tamaa mpaka anaomba kufa, akaenda mlimani Horebu. Ukapita upepo wa kupasua miamba, Bwana hakuwemo, likaja tetemeko, hakuwemo, ukaja moto, hakuwemo, ndo baadae ikaja sauti ndogo ya utulivu. We unakaa Dodoma, upepo unaujua ulivyo. Sasa sisi tunaomba kwa spika mpaka mtaa wa pili hawalali, tukimaliza tunanyamaza sekunde tatu, tunashika simu, alafu tunasema Mungu hajajibu. Hiyo sauti ndogo ingepitia wapi?

Fanya hivi, jioni panda hapo kwenye kilima chuoni kwenu, simu iache chumbani, kaa dakika 20 usiseme kitu. Dakika 10 za mwanzo ni takataka tupu, bumu (hela ya mkopo wa chuo) limechelewa, fulani hajajibu meseji, njaa, ziache zipite usizifukuze. Baada ya hapo ndo unaanza kusikia. Mi kipimo changu ni hiki: kinachokuja kwa haraka na vitisho, sijui usipofanya leo utakufa, hiyo ni hofu. Kinachokusifia sana ni tamaa. Ile sauti yenyewe kwa kawaida ni fupi, haina mbwembwe, na inakutaka ufanye kitu hukitaki: kamuombe msamaha fulani, lipa deni, nenda kalale. Ipe siku tatu. Hofu inabadilisha maneno kila siku, yenyewe inarudia lile lile. Nimewahi kukosea pia, niliwahi "kuambiwa" nihamie Mwanza, kumbe nilikuwa nakimbia mkopo.

*Kaka wa Kondoa: "Nina wachumba wawili. Ustadhi anataka elfu 50 anifanyie istikhara, aniletee jibu la ndoto."*

Mi si Muislamu kwa hiyo nimemfuata mzee mmoja wa msikitini hapa Majengo, akacheka kwanza. Kasema istikhara, yaani kumuomba Mungu akuongoze kwenye uamuzi, ni rakaa mbili na dua yake, unaisoma wewe maana jambo ni lako, na kuota ndoto si sharti. Akaniongezea habari ya sahaba mmoja, Wabisa, aliyeenda kwa Mtume kuuliza wema na dhambi, akaambiwa auulize moyo wake, hata kama watu watampa fatwa. Ustadhi aote mchumba wake, wako utamuota mwenyewe.

*"Nimeambiwa nimepona presha kwa imani niache vidonge, na moyo wangu unakubali."*

Meza vidonge mama angu. Presha haisemi humo ndani, mara nyingi haina dalili yoyote, mpaka ipimwe. Nenda zahanati kesho asubuhi.

*"Kwa hiyo unataka watu waache kwenda kanisani?"*

Nani kasema? Jumapili mi niko kwenye kwaya, sauti ya pili. Kufundishwa nataka, kuombewa nataka, na nikiumwa nataka watu waje nyumbani na uji. Ninachokataa ni kumpa mtu usukani alafu nikalale siti ya nyuma. Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana kwenye ibada, wakigombania kukanyaga mafuta ya upako. Siwacheki hata kidogo, wale walikuwa wanatafuta tunachotafuta wote. Ila Mathayo 6 inasema ukitaka kusali ingia chumbani kwako ufunge mlango. Chumbani hakuna foleni.

*"Wewe mwenyewe ni mchungaji, shehe au nani? Nani kakupa mamlaka ya kutujibu?"*

Hakuna. Mi ni mkulima wa zabibu Mpunguzi, ekari moja na nusu, mavuno mara mbili kwa mwaka ikikubali, na sasa hivi mistari mitatu ya mwisho imeingiwa ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu. Hiyo siuulizi moyo, nimeshampigia bwana shamba, kasema atakuja Alhamisi.