Udijei wa harusi Unguja: uanze na nini?

Mdogo wangu, umeuliza ununue mashine gani uanze udijei wa harusi hapa Unguja. Kontrola (mashine ya kuchanganyia nyimbo) ndogo ya chaneli 2, yaani ya nyimbo mbili kwa pamoja, inatosha, spika kodi. Kazi ipo kwenye nyimbo. Pakua zote mapema, usitegemee intaneti ya ukumbini. Taarabu usiikate katikati hata ikienda dakika 10: kina mama wana ubeti wao wanaousubiri, na wanajua unamhusu nani! Adhana ikisikika zima, usingoje kuambiwa. Shughuli za wanawake watupu wengi wanataka dijei mwanamke, kwa hiyo huko dada zetu wanatushinda. Nusu ya malipo ichukue kabla. Shaaban harusi zinarundikana, Ramadhani hamna kitu, basi jiwekee.