Panga Likikata Shambani, Bonyeza na Usichungulie

Panga likiteleza kwenye gogo na kuingia mguuni, shambani huzuka mbio mbili: huyu anatafuta majivu, yule anatafuta bodaboda. Majivu hayafai, na bodaboda itasubiri. Mtu mzima ana damu kama lita 5 tu, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika anaweza kufa kwa dakika chache, kabla hata pikipiki haijawashwa.

Mlaze chini. Vaa mfuko wa nailoni mkononi kama upo, kisha chana nguo yake uone damu inatoka wapi hasa. Kunja kanga au fulana iliyo safi kuliko nyingine, iweke pale pale, nyoosha viwiko na ubonyeze kwa uzito wa mwili dakika 10 kamili. Wengi huharibia hapa: dakika ya pili wanafunua kuchungulia, na damu iliyoanza kuganda inang'oka na kitambaa. Kikilowa, ongeza kingine juu. Kikizidi kulowa, ujue unabonyeza pembeni ya chanzo. Ondoa vyote, tafuta chanzo, anza upya.

Jeraha likiwa na shimo refu, hasa kwenye kinena au kwapa ambako hakufungiki, sindilia kitambaa ndani kwa kidole mpaka kiguse panapotoka damu, jaza shimo lote, halafu bonyeza. Atapiga kelele, endelea. Kifuani na tumboni usisindilie kitu. Na kijiti au chuma kilichochomeka usikichomoe, kwa sababu huenda ndicho kilichoziba mshipa. Bonyeza kandokando yake.

Damu ya mkono au mguu ikiruka kwa mapigo, au ikikataa kukoma, ndipo ukaze kwa kijiti. Chana ukanda wa kanga wenye upana wa sentimita 20, ukunje mara mbili ubaki 5. Uzungushe mara mbili, sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, upande wa kuelekea kiwiliwili, si kwenye goti wala kiwiko. Piga fundo moja, laza kijiti kigumu chenye unene wa kidole gumba, funga fundo la pili juu yake, kisha sokota mpaka damu ikome. Kifunge kijiti kisirudi nyuma. Waya na kamba ya kiatu hukata nyama; mkanda wa suruali ni mgumu, haukubali kusokotwa. Kukaza nusunusu ni kubaya zaidi: damu ya kurudi moyoni inazuiwa huku ya kwenda jeraha ikipita, na mguu unazidi kumwaga. Andika saa uliyokaza kwenye paji la uso wake. Usilegeze njiani, kazi hiyo ni ya daktari, na afikiwe ndani ya saa 2 ikiwezekana.

Majivu, kahawa na mafuta ya taa acheni, jamani. Vinaficha chanzo cha damu, vinachubua nyama, na uchafu unaweza kuingiza vijidudu vya pepopunda.

Mfunike kwa nguo kavu hata kama jua ni kali, maana mwili ukipoa damu haigandi vizuri. Asikalishwe peke yake nyuma ya bodaboda, akizimia ataanguka. Kama hakuna gari, mtu wa tatu akae nyuma yake amshike. Zahanati waambieni saa ya kukaza, na muulize kuhusu chanjo ya pepopunda hata kama damu ilishakoma.