Usikusanye hata shilingi kabla hamjasoma kurasa kumi kwa sauti

Simamisha mchango huo leo, Mwalimu. Umeandika kwamba wastaafu kumi na wanne wa hapo Kisumu mnaanzisha klabu ya vitabu mwezi ujao, kwamba kila mmoja atatoa Sh 6,000 mara moja ili mnunue vitabu vya mwaka mzima, na kwamba wakala amewaahidi punguzo mkilipa kabla ya mwisho wa mwezi. Umeuliza pia kuhusu siku ya kukutana, uenyekiti na chai ya wageni, nami nitayajibu hayo siku nyingine, hili la pesa likiisha.

Sisi wa Nakuru tulifanya vivyo hivyo. Tulikuwa kumi na wanane, wengi wetu walimu, pamoja na wauguzi wawili na mzee mmoja aliyestaafu kutoka reli. Kila mtu alitoa Sh 7,200, jumla ikawa Sh 129,600, tukanunua vitabu vinane tofauti, nakala kumi na nane za kila kimoja. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina, na ni mimi niliyetuma pesa hizo. Kufikia mwezi wa nne tulikuwa tumebaki watu watano, na katoni za vitabu ambavyo havijafunguliwa zilikuwa zimepangwa sebuleni kwangu hadi usawa wa dirisha.

Wakala aliyetushauri alikuja kwenye kikao chetu cha pili akiwa na orodha iliyochapwa vizuri, akatuambia kwamba klabu zote makini hupanga mwaka mzima mapema na kwamba anayenunua kitabu kimoja kimoja hupoteza pesa. Hakumuuliza hata mmoja wetu anasoma lugha gani kwa raha. Hakuuliza nani anavaa miwani, wala ni lini mtu alipimwa macho mara ya mwisho. Alisema kuwa bei yake ni ya chini kwa sababu vitabu havitozwi kodi, ilhali sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliviweka vitabu chini ya kodi ya asilimia 16, nami niliyewahi kuinunulia shule vitabu kwa miaka mingi nilipaswa kumkatiza papo hapo. Kwamba vitabu havirudishwi tulikuja kulisoma kwenye risiti, baada ya pesa kwisha kutoka. Mtu anayewauzia wazee hufahamu vyema kwamba wazee huona haya kuuliza maswali mbele ya wenzao, na huyo aliitumia haya hiyo kutuuzia. Bado ninamkasirikia, na ninapoona wakala mwingine akiwapa ninyi tarehe ya mwisho ya kulipa, hasira hiyo inarudi upya.

Hata hivyo, pesa si sehemu iliyoniuma zaidi. Kati yetu alikuwepo mama aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, mwenye umri wa miaka 71 wakati huo, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kulipa. Kitabu cha kwanza kwenye orodha kilikuwa na kurasa zaidi ya 500, na maandishi yake yalikuwa madogo kiasi kwamba hata mimi nilikisogeza karibu na taa kila jioni. Mama huyo alikuja vikao viwili akiwa amekishika mapajani, akikubaliana kwa adabu na kila aliyezungumza kabla yake. Katika kikao cha tatu mwenzetu alimwomba atusomee aya moja aliyoipenda. Alikifunga kitabu, akasema ameisahau miwani nyumbani, na hakurudi tena.

Nilimtembelea baada ya miezi miwili, nikidhani ninakwenda kumbembeleza kwa jambo la ugomvi. Aliniambia, "Nimefundisha watoto kusoma miaka 34. Ningewaambiaje ninyi kwamba sioni herufi?" Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na zile Sh 7,200 alikuwa amezitoa kwenye akiba aliyoiweka kwa ajili ya matibabu ya macho hayo. Nilikaa kwenye kochi lake bila neno la kusema, kwa sababu stakabadhi ya malipo yake niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Ndiyo maana kanuni yangu ni moja tu: mkutane na nakala moja, iwe ya kuazimwa maktaba au ya mwanachama, mpokezane kusoma kurasa kumi kwa sauti, na shilingi isitoke mfukoni mwa mtu kabla ya hapo. Mtu akiombwa asome nusu ukurasa, mengi hujitokeza katika dakika hizo chache. Utamwona anayekisogeza kitabu mbali kwa urefu wa mkono, maana baada ya miaka arobaini lenzi ya jicho hukakamaa kwa kila mmoja wetu. Utamwona asiyeona kabisa. Utamsikia anayejikwaa kwenye Kiingereza lakini akipewa Kiswahili anasoma kama maji, na mzee wetu wa reli alikuwa hivyo hasa. Vitabu vya kawaida huchapwa kwa herufi za pointi 10 au 11, wakati vile vya wasioona vizuri huanzia pointi 16, na tofauti hiyo hamtaiona kwenye orodha ya wakala hata mkiikodolea macho. Asiyeweza kusoma, na aache wenzake wasome naye asikilize, bila mtu kumuuliza sababu.

Sisi tulianza upya kwa njia hiyo, watu watano, na nakala moja ya The River and the Source, riwaya ya Margaret Ogola ya mwaka 1994. Mama yule aliporudi baada ya upasuaji tulikuwa tumefika mahali mhusika wake Akoko anaposafiri kwenda huko kwenu Kisumu kumshtaki shemeji yake kwa serikali ya wakoloni, na akatusomea sehemu hiyo yeye mwenyewe. Wauguzi wetu walibishana hadi magharibi iwapo Akoko angepata haki kwa wazee wa ukoo kama angesubiri. Baada ya kurasa zile kumi za kwanza kila mtu alikuwa amejitafutia nakala yake, tena kwa bei ndogo, kwa sababu riwaya hiyo iliwahi kuwa kitabu cha seti, yaani kilichoteuliwa kusomwa na wanafunzi wa sekondari, na vitabu vya seti vinapobadilishwa nakala za wanafunzi hujaa kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora tulikipata kwa njia hiyo hiyo. Hakuna wakala atakayewaambia habari hiyo, kwa kuwa haimwingizii kitu.

Ikiwa kuna waliokwisha kukutumia Sh 6,000, warudishie leo usiku kwa M-Pesa pamoja na gharama ya kutuma, kisha uwaandikie wote kumi na wanne kwamba Jumamosi mtakutana na kitabu kimoja. Kaeni karibu na dirisha. Wewe uwe wa kwanza kusoma, ujikwae mbele yao kama itabidi, halafu umpe kitabu aliye kulia kwako, na uangalie kwa makini nani anakipokea na kukipitisha kwa jirani bila kukifungua.