Dereva wa Karibu na Saa za Kazi

SWALI: Mhariri, ninaishi Cincinnati, Marekani, na kila siku ninavuka mto kupeleka kokoto Kentucky, kisha jioni ninarudi kulala nyumbani. Bosi anasema sisi wa safari fupi hatubanwi na saa. Ni kweli?

JIBU: Ndugu dereva, bosi wako amekwambia nusu tu ya habari. Kanuni za shirikisho, zilizolegezwa mwaka 2020, humsamehe daftari la safari na kifaa cha kielektroniki cha kurekodi saa za kazi, pamoja na pumziko la dakika 30, dereva asiyevuka maili 150 za angani (kilomita 278 hivi) kutoka kituoni kwake, mradi arejee hapo na kumaliza kazi ndani ya saa 14. Hata hivyo, ukomo wa saa 11 za kushika usukani, saa 10 mfululizo za mapumziko kabla yake, na saa 60 kwa siku 7 au 70 kwa siku 8, bado unakuhusu. Naye bosi (hili huenda hakulitaja) anapaswa kuandika saa zako za kuingia na kutoka, na kuzihifadhi miezi 6. Ukikwama kwenye foleni ya kupakia hadi saa 14 zikapita, jaza daftari la siku hiyo. Siku za namna hiyo zikizidi 8 ndani ya siku 30, kifaa kinakuwa cha lazima.