Jeli ya nano na goti la mzee

Dada, umeuliza kama haidrojeli (jeli ya nyuzi za polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo, iliyojaa maji) yenye chembe za nano, ndogo mno, inaweza kuziba gegedu, ile tishu laini inayokinga ncha za mifupa, lililolika gotini kwa baba. Kwa sasa, la. Jeli tupu, isiyo na chembe hizo, ni maji kwa sehemu kubwa, ukiivuta inakatika. Mwaka 2002 Haraguchi na Takehisa wa Japani walitia ndani ya jeli visahani vya udongo, unene wa nanomita 1 hivi (sehemu moja ya bilioni ya mita). Nyuzi za polima zikajishika kwenye visahani hivyo, jeli ikavutika zaidi ya mara kumi ya urefu wake. Maajabu, lakini goti linabeba mwili kutwa, na seli za mwili lazima ziishi ndani ya jeli hiyo. Malighafi nyingine ya jeli tunayo hapa Pwani (mwani wa Kibuyuni, Kwale, hutoa karajinani, nayo huganda ikawa jeli). Mzee apelekwe kwa daktari wa mifupa, hiyo dawa ya kupaka ya soko la Marikiti muiache.