Barua kwa mwanangu: ile nusu ya klorini

Mwanangu,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Unaniuliza kama ukubali kuandika kitabu cha kiada cha kemia ulichoombwa, au ubaki na utafiti wako, maana mkuu wako amekuambia kitabu cha kiada hakihesabiwi wakati wa kupandishwa cheo. Tena akaongeza kwamba wanaowaandikia wanafunzi ni wale walioishiwa na mambo ya kugundua.

La cheo sina la kusema, taratibu za huko kazini kwako unazijua wewe. Hilo neno "walioishiwa" ndilo lililoninyima usingizi, kwa hiyo nitajibu hilo kwanza.

Mchukue Mendeleev, yule mkemia Mrusi aliyezipanga elementi kwenye jedwali. Ulimsikia kinywani mwangu kabla hujajua kusoma. Jedwali lake limetundikwa kwenye kila maabara, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba alisomea ualimu. Alizaliwa Tobolsk, Siberia, mwaka 1834, baba yake akapofuka, mama yake Maria akashika kiwanda cha vioo kuwalisha watoto. Mwaka 1848 kiwanda kikateketea. Yule mama akamchukua mwanawe wa mwisho, wakavuka nchi nzima hadi Moscow. Chuo kikuu cha huko kikamkataa kijana. Mama hakurudi nyuma, akampeleka St Petersburg, na mwaka 1850 akapokewa katika chuo cha ualimu alichosoma baba yake. Mama akafariki mwaka huohuo. Habari hii siwezi kuipita bila kusimama, nawe unajua bibi yako alivyonifanyia, kwa hiyo siendelei.

Mwaka 1861 alirudi kutoka Ujerumani akiwa hana kazi ya kudumu. Akaketi akaandika kitabu cha kiada cha kemia ya kaboni kwa miezi michache tu, na mwaka uliofuata kikampatia Tuzo ya Demidov, tuzo kubwa ya wasomi wa Urusi. Lakini ninachotaka ukione ni kitabu cha pili. Mwaka 1867 alipewa kiti cha kemia katika Chuo Kikuu cha St Petersburg, akatazama, hakuona kitabu cha Kirusi cha kuwapa wanafunzi wake kilichomridhisha. Basi akaanza kukiandika mwenyewe, Misingi ya Kemia.

Sasa fikiri kama mtu aliyewahi kuandaa somo. Elementi zilizojulikana wakati ule zilikuwa 63. Juzuu ya kwanza ilimezwa karibu yote na chache tu: haidrojeni, oksijeni, nitrojeni, kaboni, kisha klorini na ndugu zake. Zilizobaki, zaidi ya 50, zilipaswa kuenea katika juzuu ya pili. Kuzieleza moja moja kungehitaji rafu nzima ya vitabu. Alianza na sodiamu na potasiamu. Baada ya hapo ifuate nini, na kwa sababu gani? Mtafiti anaweza kuishi na elementi moja miaka 30 asijiulize swali hilo. Mwandishi wa kitabu cha kiada halikwepi, kwa sababu sura ya tatu lazima ije baada ya ya pili, na mwanafunzi atauliza kwa nini.

Akaziweka familia mbili sambamba, ile ya klorini na ile ya potasiamu, na kutazama uzito wa atomu. Klorini 35.5, potasiamu 39. Bromini 80, rubidiamu 85. Iodini 127, siziamu 133. Familia mbili zisizofanana hata kidogo, lakini zinapanda pamoja kama watu wawili kwenye ngazi moja. Jedwali lake la kwanza lina tarehe ya Februari 1869, kwa kalenda yao ya zamani, siku aliyotakiwa kusafiri kukagua viwanda vya jibini. Hicho kisa kwamba aliliona ndotoni sijawahi kukifundisha na sitakifundisha. Kilichomfikisha pale ni sura iliyomkwama mkononi.

Anayemwandikia asiyejua hulazimika kupanga, na anayepanga ndiye anayeona mapengo. Nimewaambia hili tangu mkiwa wadogo hadi dada yako akawa ananisaidia kulimalizia. Mendeleev aliacha nafasi tupu kwenye jedwali akatabiri elementi zitakazokuja kukaa humo. Mwaka 1875 Mfaransa mmoja, Lecoq de Boisbaudran, akapata galiamu, metali iliyokaa katika nafasi mojawapo, akapima densiti yake, yaani uzito wake kwa ujazo, ikatoka 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwahi kuiona wala kuigusa, akasema inapaswa kuwa karibu 5.9. Ikasafishwa ikapimwa upya: 5.9. Sasa mwambie mkuu wako huyo naye alikuwa ameishiwa.

Lakini nisijidanganye. Najua utakachonijibu, na ni haki yako: "Mama, huyo ni mmoja." Ningeweza kukutajia Lothar Meyer, Mjerumani, ambaye naye alichapisha jedwali lake dogo ndani ya kitabu chake cha mwaka 1864, nikadai wako wawili. Haitoshi. Wengi walioandika vitabu vya kiada hawakugundua chochote, nami sitaki uandike ukisubiri ugunduzi ukushukie ukurasa wa 200. Jane Marcet wa Uingereza hakugundua kitu. Kitabu chake, Mazungumzo juu ya Kemia, kilitoka mara ya kwanza bila hata jina lake juu ya jalada. Kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kufunga vitabu akakisoma kazini, na kijana huyo alikuwa Faraday, baadaye gwiji wa sayansi ya umeme. Je, hiyo ni kazi ya mkemia au si kazi ya mkemia? Nimejibishana na nafsi yangu juu ya Marcet miaka mingi. Siku nyingine nasema ndiyo mara moja. Siku nyingine nakumbuka kwamba kwa kila Faraday wapo wasomaji maelfu waliofunga kitabu wakaenda zao, na hakuna ubaya, lakini hakuna anayewahesabu.

Ngoja nikueleze jambo ambalo sijawahi kukusimulia lote.

Unalikumbuka daftari la kijani, lile mliloonywa msilichoree. Mlidhani ni la maandalio ya masomo. Lilianza hivi. Nilikuwa na mwaka wa pili kazini, kidato cha tatu, watoto zaidi ya 60 darasani, muhula umebakiza wiki tatu na mada nne hazijaguswa. Nikaandika ubaoni uzito wa atomu wa klorini, 35.5. Binti mmoja wa dawati la nyuma, mtoto asiyesema kabisa, akanyoosha mkono. Akauliza: "Mwalimu, kama atomu ina protoni na nyutroni nzima nzima, hii nusu imetoka wapi?"

Nami nilijua. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba nilijua. Mendeleev mwenyewe aliandika 35.5 katika jedwali lake na akafa mwaka 1907 isotopu, yaani atomu za elementi moja zenye uzito tofauti, hazijapata hata jina. Angekuwa na udhuru. Mimi nilikuwa na jibu kichwani na chaki mkononi, nikatazama saa, nikamwambia: "Ndivyo ilivyo, andika." Akashusha mkono, akaandika. Mwaka wote ule hakuuliza tena, na mwaka uliofuata akachukua masomo mengine.

Usiku ule niliketi nikaandika ukurasa wa kwanza. Chukua atomu 100 za klorini kama zilivyo katika asili. Takribani 75 zina uzito wa 35, na 25 zina uzito wa 37. Jumlisha zote, unapata 3,550. Gawa kwa 100. Hakuna hata atomu moja yenye nusu, nusu ipo kwenye wastani tu, kama familia inavyoweza kuwa na wastani wa watoto wawili na nusu pasiwe na nusu mtoto. Mistari tisa. Ingenichukua dakika tatu darasani. Baba yako, Mungu amrehemu, alinikuta saa nane usiku bado naifuta na kuiandika upya.

Kesho yake niliwasomea. Darasa likafurahi. Yeye alikuwa anatazama dirishani.

Kutoka hapo daftari likakua, na lililobaki unalijua: mswada nikaupeleka kwa wachapishaji, wakakaa nao miaka miwili, wakaurudisha na barua ya mistari miwili. Hilo nimeshalisamehe. La dawati la nyuma sijalisamehe.

Basi unaona ninakoegemea. Lakini upande wa pili nao una uzito na sitaki kuuficha. Lavoisier, mkemia Mfaransa, alitoa kitabu chake mwaka 1789, kikaeneza lugha mpya ya kemia. Ndani yake kuna orodha ya vitu sahili 33, yaani visivyoweza kugawanywa zaidi, na miongoni mwake kaweka mwanga na joto, ambavyo si elementi. Aliamini pia kwamba kila asidi lazima iwe na oksijeni, na jina lenyewe la oksijeni limebeba kosa hilo mpaka leo. Kosa la makala husomwa na watu wachache wanaojua kulikosoa. Kosa la kitabu cha kiada hukaririwa na watoto usiku wa kuamkia mtihani. Tena kitabu hakikuachilii. Mendeleev alikirekebisha chake hadi toleo la nane, mwaka 1906, na mtu yuleyule aliyetabiri galiamu alikuwa amekuwa mzee asiyetaka kusikia kwamba atomu inagawanyika. Sijui kitabu ndicho kilichomfunga, au ni uzee tu. Nakuonya mimi ambaye nami nimezeeka.

Unataka niseme ndiyo au hapana. Jibu ninalo, limefika ncha ya kalamu mara mbili na nimeliondoa mara mbili. Ukilisikia kwangu utalitii, wewe ndivyo ulivyo tangu utotoni, na miaka mitano ya maisha yako si yangu ya kugawa. Ila kabla hujamjibu mkuu wako, niandikie hili: wanafunzi wako wanapokwama, hukwama wapi? Nitajie sehemu moja tu, na unavyowaeleza sasa hivi, kwa maneno yaleyale unayotumia.

Daftari nimempa kaka yako, atalileta akija Jumamosi. Kurasa za mwanzo zimeshikana tangu mvua ile paa lilipovuja. Zibandue taratibu kwa kisu butu, usizivute.

Mama yako